Nyasi za Ndani ya Buti

Asubuhi ile Sindano alikuwa na kijiba cha roho, na hakukificha. Mpelelezi mwenzake wa meza ya pili, aliyeingia kazini nyuma yake akapanda cheo mbele yake, alikuwa amekabidhiwa kesi ya wizi wa benki na kupigwa picha na waandishi wa habari. Yeye alikabidhiwa buti. Jozi moja ya buti kuukuu za manyoya, zilizopotea katika ghala la makumbusho ya chuo kikuu.

"Afande, angalau si soksi," koplo wake alimwambia wakipanda ngazi.

"Cheka tu. Ukimaliza, nibebee mkoba."

Hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Sindano tangu chuo cha polisi, kwa ajili ya maswali yake, ambayo yaliingia bila kelele na kuanza kuuma baadaye.

Mtunzaji wa ghala aliwapokea mlangoni, mwanamke wa makamo ndani ya koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka kwenye mifuko. Hakuwaruhusu waingie hivi hivi. Waliambiwa wafute viatu, wavae glavu, na koplo akatakiwa aache nje pakiti yake ya biskuti.

"Makombo yanaita wadudu," alisema. "Na wadudu wakiingia humu, mimi na nyinyi tutakosana."

Sanduku la buti lilikuwa rafu ya katikati. Lilikuwa refu, la kadibodi, na tupu. Kifuniko kilikuwa kimerudishwa vizuri, kona kwa kona. Kufuli la mlango halikuwa na hata mkwaruzo.

"Zilikuwa buti za nani?" Sindano aliuliza.

"Za nahodha mmoja aliyekwenda Ncha ya Kusini, enzi za meli za makaa. Daktari wa meli yake alikuja kuzeekea mjini hapa, akakiachia chuo mizigo yake. Ni ngozi ya kulungu wa nchi za barafu, manyoya nje. Ndani zimejazwa nyasi kavu. Nyasi zilikuwa zinanyonya jasho, maana mguu ukilowa kule unaganda."

"Na nyasi hizo ndizo zilizoleta balaa."

"Hilo kamuulize wifi yangu."

"Wifi yako ni nani?"

"Profesa. Kaolewa na kaka yangu." Alilitamka neno kaolewa kama mtu anayetema kokwa.

Sindano aliinama juu ya sanduku akachungulia kila kona. "Buti zilikaa humu zikiwa wazi?"

"Haiwezekani! Zilifunikwa karatasi nyororo, mbili chini na mbili juu."

"Karatasi iko wapi?"

Mtunzaji alitazama sanduku. "Nayo imechukuliwa," alisema.

Mwisho wa chumba kulikuwa na friza inayonguruma. Koplo alipouliza kama humo kuna soda, mtunzaji alimkata jicho, akafunua kifuniko: mikeka na kofia tu, ndani ya nailoni. Humo, alieleza, ndimo nondo wanamofia. Kitu chochote cha manyoya kikitoka ghalani, hata kwa mchana mmoja, hakirudi rafuni mpaka kifungwe kwenye nailoni na kulala humo. Nondo akipata mwanya wa kutaga mayai kwenye manyoya, unabaki na ngozi kipara. Hiyo ndiyo sheria, na hana mzaha nayo.

"Profesa anaifuata?"

"Siku akijisikia. Juzi juzi alirudisha glavu za manyoya ya sili kwenye mfuko wa sokoni. Wa sokoni, afande! Lakini yeye ndiye anayepigiwa makofi."

Profesa mwenyewe walimkuta chumba cha pili, amesimama dirishani, macho yamevimba. Alikuwa mwanamke mwembamba anayezungumza haraka, na hakungoja kuulizwa.

"Afande, sisi wanahistoria tumeandika miaka na miaka nani alifika wa kwanza kwenye barafu na nani alifia njiani. Mimi nauliza jingine. Alifika na nini? Meli zile zilibeba panya, masizi, mbegu. Nahodha huyu aliandika kwamba kuna kisiwa alikiacha kama alivyokikuta. Leo kisiwa hicho kimefunikwa gugu moja, na ndege wa baharini hawana tena pa kutaga. Nimelikuta gugu hilo kwenye nyasi za buti zake, mbegu kwa mbegu. Kila alipokanyaga alikuwa anapanda."

"Na sasa buti hazipo."

"Jopo la wataalamu linafika keshokutwa. Wanataka kuchukua sampuli kwa mikono yao, na wana haki. Wasipozikuta, mimi ni mwongo niliyetunga ushahidi nikaupoteza kabla haujapimwa. Kitabu hakitoki, na darasani sirudi. Tayari wanasema nimezificha mwenyewe."

"Akina nani?"

"Korido nzima. Wengine walikuja hata kunipa pole, na meno yote nje."

"Funguo za ghala?"

"Ziko mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao wifi yangu. Na usinipeleke huko, afande. Wifi hanipendi, lakini vitu vya ghala anavipenda kuliko watu. Hawezi kuvidhuru."

Sindano aliliandika neno hilo, akalipigia mstari.

Mume wa Profesa alikuwa na ofisi ghorofa ya chini, imejaa picha za meli zilizokwama kwenye barafu na wanaume wenye ndevu wanaovuta sleji za mizigo juu ya theluji. Wanafunzi walimwita Mzee wa Barafu. Maisha ya nahodha yule aliyaandika yeye, kitabu kinene ambacho kila mtu alikuwa nacho na nakala nyingi zaidi alikuwa nazo mwenyewe, zimepangwa nyuma ya kiti chake mpaka juu ya dirisha.

"Mke wangu ni hodari," alianza. "Andika hivyo."

"Nimeandika."

"Ila tangu aanze hayo mambo ya mbegu, mezani nalisikia jina la yule kijana wa mimea kuliko langu. Bwana Mimea kasema hivi, Bwana Mimea kaona vile. Wanashinda maabara mpaka wanasahau kula."

"Una wivu, mzee?"

"Nina macho."

"Kitabu chako kinasemaje kuhusu kisiwa?"

"Kwamba nahodha alikiacha kama alivyokikuta. Si ndivyo alivyoandika?"

"Na mke wako akithibitisha vingine?"

Mzee wa Barafu alicheka, akacheka peke yake. "Basi nitakuwa nimemaliza ujana wangu nikimpamba mpanda magugu." Alisogeza kalamu kutoka kulia kwenda kushoto. "Nimemshauri awapigie simu wageni, aahirishe. Aseme anaumwa. Hanisikii. Atapata aibu ya bure, maana buti hazitaonekana."

"Una uhakika?"

"Vitu kama hivyo vikipotea vimepotea, afande. Nenda kamuulize Bwana Mimea."

Walikwenda. Bwana Mimea, kijana nadhifu mwenye miwani, alikuwa maabara, na mbele yake palikuwa na kisahani cha kioo chenye majani makavu. Koplo alimfinya Sindano kiwiko kwa furaha.

"Hizi ni nyasi za buti?" Sindano aliuliza.

"Ndiyo. Alinipa Profesa mwenyewe, tena mbele ya mtunzaji."

"Mnaelewana vizuri, wewe na Profesa?"

"Tulikuwa tunaelewana." Alivua miwani. "Nilizitambua mbegu mimi. Nikamwomba jina langu litangulie kwenye makala yetu, akacheka. Nilikasirika, sitaficha. Usiku silali nikifikiria jina lake juu na langu chini. Lakini, afande, nyasi hizi bila buti ni majani makavu tu, hata nje pale yapo. Nikiiba buti nimejiibia mwenyewe hata hilo jina la pili."

Koplo alitoka maabara uso umemshuka. "Nilidhani tumempata."

"Huyo anataka buti zionekane kuliko hata Profesa. Amefura kwa sababu anataka sifa yake, na sifa haitaki buti zipotee." Sindano alisimama kwenye korido, akawapisha wanafunzi. "Hebu niambie. Ukiiba viatu dukani, unabeba na karatasi ya ndani ya boksi?"

"Sina haja nayo."

"Mwizi wetu alikuwa na haja nayo. Ametoa buti, ametoa karatasi mbili za chini na mbili za juu, kisha amerudisha kifuniko kona kwa kona. Huyo hakuzitupa wala hakuzichoma. Anazionea huruma. Sasa mtu anayezionea huruma buti za manyoya, akizitoa ghalani, ataziweka wapi ambapo nondo hawafiki?"

Koplo alikuna kichwa. "Kwenye friza. Lakini ya ghalani tumeiona. Ilikuwa na mikeka na kofia."

"Basi tutafute friza nyingine," Sindano alisema.

Alasiri walikuwa nyumbani kwa Profesa. Aliwafungulia mwenyewe, na alipoambiwa wamekuja kupekua, alikunja mikono kifuani.

"Kumbe nanyi mnaisikiliza korido."

"Tunapekua kote, dada. Leo tumeanzia kwako."

"Pekueni. Jikoni mtafute wenyewe, mimi huko ni mgeni. Mpishi ni mume wangu, na hataki mtu aguse sufuria zake. Mimi hata friji nafungua kutafuta maji tu."

"Na wifi yako hufika hapa?"

"Ana ufunguo. Alikuwa nao kabla sijaolewa, na sikuwa na ubavu wa kumnyang'anya."

Friza ya nyumba ile ilikuwa kubwa, ya kulala, imewekwa ukumbini nyuma ya jiko. Koplo alivua koti akaanza kutoa vitu. Walitoka kuku, wakatoka samaki, ikatoka mifuko ya nyama iliyokatwa na kupangwa vizuri. Chini kabisa, kimebanwa na nyama pande zote, palikuwa na kifurushi cheusi cha nailoni kilichofungwa bila hewa ndani na kuzungushiwa utepe wa gundi. Sindano alikibonyeza kwa vidole. Kulikuwa na vitu viwili virefu, laini, visivyo na mfupa.

Profesa alikiona kutoka mlangoni, akashika fremu ya mlango. "Sikuweka mimi hicho," alisema. "Wallahi sikuweka mimi."

"Sijakuuliza. Keti." Sindano alimgeukia koplo. "Mpigie Mzee wa Barafu. Aje nyumbani, aje na dada yake. Usiseme kwa nini. Halafu vitu vyote hivi vilete mezani."

Ndugu wale wawili walipoingia, meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa kama duka la nyama. Kifurushi cheusi kilikuwa katikati ya kuku na samaki, na Profesa ameketi mbali nacho, mikono magotini. Hakuna aliyewaeleza kitu. Sindano aliwaamkia, akawaonyesha viti, akaenda jikoni na kurudi na kisu.

"Tunaangalia kilichomo friza," alisema. "Tumeangalia samaki, bado hiki." Akakishika kifurushi, akaweka ncha ya kisu juu ya nailoni.

"Usikate!" Mtunzaji aliruka kutoka kitini, na koplo akalazimika kumzuia kwa mkono. "Usikate, afande, nakuomba! Ziache zizoee joto kwanza. Ukifungua sasa, hewa ya humu itageuka maji juu yake, na manyoya yote yatapukutika!"

Sindano alilaza kisu mezani, taratibu.

"Manyoya ya nini, bibie? Hapa nimeona kuku na samaki."

Uso wa mtunzaji ulisawijika. Alimtazama kaka yake, ambaye alikuwa anatazama sakafu.

"Ningeziacha zikatwe?" alisema mwishowe, na sauti ilikuwa na hasira kuliko aibu. "Zimekaa mikononi mwangu tangu nilipoajiriwa. Nizitazame zinaharibika kwa sababu mpelelezi hajui kazi?"

"Wifi," Profesa alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi! Ulitaka awe nani?" Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Kaka yangu ndiye aliyekuleta kwenye barafu. Ulikuwa unajua nini, wewe, kuhusu Ncha ya Kusini? Alikufundisha, akakuoa, akakuonyesha kila sanduku. Leo ukipita, wanasimama. Yeye akipita, wanauliza mkeo hajambo? Nilikuonea wivu kwa niaba yake mpaka chakula hakishuki. Nikasema, zikutwe nyumbani kwako. Waseme mwizi ni wewe, na hadithi yako ya magugu iishie hapo."

"Basi ukaja hapa na ufunguo wako," Sindano alisema, "ukazificha chini ya nyama."

"Chini?" Mtunzaji aligeuka. "Nani kasema chini? Nilizilaza juu, juu kabisa. Nilitaka anayefungua aanze na hizo. Nilijua anayefungua ni kaka. Angeziona jioni ileile, angepiga kelele, na mambo yangekwisha."

"Sisi tumezikuta chini kabisa, zimezungukwa na nyama pande zote."

Sasa wote wanne walimtazama Mzee wa Barafu. Alikuwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Nilidhani umezificha wewe, mke wangu," alisema. "Nilikuwa nakusitiri."

Mtunzaji alikitwaa kifurushi akakisogeza mbali na dirisha, jua lisikipige upande mmoja. Alitangaza kwamba hakuna kufungua mpaka nailoni iache kutoa jasho nje, na kama wanataka kumfunga, wamfunge baada ya hapo. Sindano alikuwa amewahi kukamata watu kwa namna nyingi, lakini hii ya kungoja buti zipate joto ilikuwa ngeni kwake. Alivuta kiti. Wakaketi wote kuzunguka ile nyama iliyoanza kulainika, kama ndugu waliokutana kugawana kitu.

"Uliziona lini?" Profesa alimuuliza mumewe.

"Jioni ya siku zilipopotea."

"Siku niliyorudi nalia. Nilikaa kiti hicho hicho ulichokalia."

"Ndiyo."

"Ukaniambia niseme naumwa. Ukaniambia niahirishe jopo."

"Nilikuwa nakuokoa na aibu."

"Kama ulidhani nimeziiba mimi, mbona hukuniuliza?" Sauti yake haikupanda. "Mtu akikuta kitu cha wizi kwenye friza yake, anamuuliza mkewe. Wewe ulirudisha nyama juu yake ukazima taa."

Mzee wa Barafu aligeuza kofia mkononi. "Zamani wageni walikuwa wanakuja kuniuliza mimi," alisema. "Wanapiga hodi, tunakaa mpaka jioni. Siku hizi wanapita mlangoni wananisalimia kama wanavyomsalimia mlinzi, wanapanda juu kwako. Na wewe huoni hata. Laiti ungekuwa unafanya kusudi! Nilipoziona mle ndani, nilijua mara moja ni kazi ya dada. Naijua mikono yake, hakuna mwingine anayefunga vitu namna hiyo. Nikasema ngoja. Siku moja tu, naye watu wajiulize kama anasema kweli." Alimeza mate. "Nimekuonea wivu. Sina jina jingine la kukipa kitu hiki."

Dada yake alimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. "Kwa hiyo ulijua ni mimi," alisema, "ukaniacha niende kazini kila siku nikiogopa kivuli changu?"

Kaka yake aliilaza kofia magotini.

Nailoni ilipokauka, mtunzaji aliomba glavu. Alibandua utepe taratibu, akafunua nailoni ya kwanza, akafunua ya pili, akakunjua karatasi nyororo. Buti zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, manyoya yamelala vizuri, na kwenye vinywa vyake nyasi zilionekana, kavu, za rangi ya majani ya chai yaliyochakaa. Profesa aliinama, akazihesabu kwa macho bila kugusa, kisha akafunika uso kwa viganja akalia kwa sauti. Hata koplo aligeukia ukutani.

"Hazikupungua hata unyasi," mtunzaji alisema. Akanyoosha mikono yake miwili mbele ya koplo, glavu zikiwa bado zimevaliwa.

"Subiri," Sindano alisema. Alifungua daftari jipya juu ya meza, akalisogeza mbali na damu ya nyama. "Kuna aliyeiba mali ya chuo, na kuna aliyeficha mali ya wizi akijua. Wote wawili nitakwenda nao. Lakini nahitaji maelezo yako, Profesa, na nahitaji uniambie unaanza kumlalamikia nani."

"Mke wangu," Mzee wa Barafu alisema. "Dada ndiye aliyeiba."

Profesa alijifuta macho. Alimtazama wifi yake kwa muda, naye wifi akamkazia macho vilevile kama siku zote.

"Wifi hajawahi kunificha kwamba hanipendi," alisema. "Tangu siku ya harusi ananiambia usoni. Huyu alikuwa anafungua friza ile kila jioni, anatoa nyama iliyolala juu ya buti zangu, ananipikia, anakaa pale ananitazama ninakula." Alisogeza kiti chake kikatazama upande wa Sindano. "Anza na huyu."